Alfajiri ya Nemunas na ushuhuda wa uongo juu ya wafu



Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakashangaa kuona ukurasa wa tafakari wa walei wa Kongo ukizungumzia Lituania, nchi ndogo iliyo kando ya Bahari ya Baltiki, yenye wakaaji wasiofika milioni tatu. Sababu yetu ni moja. Katika nchi hiyo, karibu watu watatu kati ya wanne wanajihesabu kuwa Wakatoliki. Kanisa lake liliteswa kwa nusu karne na halikuvunjika. Lakini mwaka 2024, katika uchaguzi huru, bila bunduki wala shuruti ya mtu, wananchi wa nchi hiyo walikipa viti 20 bungeni chama kipya ambacho mwanzilishi wake alikwisha kufahamika kila mahali kwa maneno yake juu ya Wayahudi. Muda mfupi baadaye chama hicho kikawa sehemu ya serikali. Tumejiuliza: je, mateso ya jana huwalinda waamini wasidanganyike leo? Tulivyoona huko, hapana.

Kwanza habari yenyewe. Remigijus Žemaitaitis si mgeni katika siasa. Alikuwa mbunge kwa miaka mingi, akitokea katika chama cha Rolandas Paksas, yule rais aliyeondolewa madarakani na bunge mwaka 2004. Mwezi wa tano 2023, shule moja ya watoto wa Kipalestina ilibomolewa na Waisraeli, naye akaandika kulilaani jambo hilo. Kama angeishia hapo, sisi tusingekuwa na neno la kumlaumu, maana kuwatetea watoto waliovunjiwa shule ni haki, na Mapapa wenyewe hawakunyamaza juu ya mateso ya Wapalestina. Lakini hakuishia hapo. Aliongeza maneno ya wimbo wa zamani wa kienyeji unaofanya mauaji ya Myahudi kuwa mchezo wa watoto. Kisha akageukia kijiji cha Pirčiupiai. Huko, tarehe 3 Juni 1944, askari wa Kijerumani waliwaua wanakijiji 119, wengi wao kwa kuwachoma moto wakiwa hai. Žemaitaitis aliwatwika Wayahudi lawama ya maafa hayo.

Aliachana na chama alichokuwamo, akaanzisha chake, akakiita Nemuno Aušra, maana yake Alfajiri ya Nemunas, kwa jina la mto mkuu wa nchi hiyo. Tarehe 25 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba kwa maandishi yale alikuwa amevunja Katiba na kiapo chake cha ubunge. Bunge lilipokuwa linajiandaa kupiga kura ya kumwondoa, yeye alijiuzulu, na hivyo akakwepa adhabu ambayo ingemfungia mlango wa kugombea. Mwezi uliofuata aligombea urais, akapata takriban asilimia 9 ya kura. Mwezi wa kumi chama chake kikapata karibu asilimia 15 na kushika nafasi ya tatu, nyuma ya vyama viwili vikubwa vya nchi.

Mfuatano huo wa tarehe unatufundisha zaidi kuliko hotuba nyingi. Mahakama ilisema neno lake katika mwezi wa nne, tena kwa uwazi, na kila mwananchi alilisikia. Halikumpunguzia mtu huyo kura. Wengi waliona hukumu hiyo kama alama ya heshima, wakasema: wakubwa wa Vilnius wanamwonea kwa sababu anasema kwa ajili yetu. Sheria inaweza kumzuia mtu asiketi katika kiti fulani, lakini haiwezi kumfanya jirani yake aone haya. Kazi hiyo ni ya familia, ya shule, ya mimbari, ya jumuiya hai, ya marafiki wanaoketi meza moja na mmoja wao akaanza kutania juu ya kifo cha wengine.

Jina la chama lenyewe si jina la bure katika masikio ya Walituania. Kuanzia mwaka 1864 hadi 1904 dola ya Urusi ilipiga marufuku vitabu vya Kilituania vilivyoandikwa kwa herufi za Kilatini. Askofu Motiejus Valančius alipanga vitabu vya sala vichapishwe ng'ambo ya mpaka, katika Prussia ya Mashariki, na watu wa kawaida wakavivusha usiku migongoni mwao. Wengine walipigwa risasi, wengine walipelekwa Siberia. Mwaka 1883 likazaliwa huko gazeti la kwanza kwa ajili ya taifa hilo lililonyimwa maandishi yake, likachapishwa katika miji ya ukingo wa mto uo huo wa Nemunas, na jina lake lilikuwa Aušra, Alfajiri. Hatuwezi kusema kama waanzilishi wa chama walikusudia kukumbusha gazeti hilo. Tunasema tu kwamba neno lililobeba ujasiri wa watu waliovusha vitabu vya sala gizani sasa linabeba kitu kingine kabisa, na kwamba ndivyo siasa ya namna hii inavyoishi kila mahali. Inaazima alama takatifu za taifa kwa sababu haina zake.

Je, waliokipigia kura ni watu waovu? Tunakataa kusema hivyo, na tunawasihi wasomaji wetu wasiseme hivyo. Mwaka 1990 Lituania ilikuwa na watu karibu milioni 3.7. Leo wamebaki kama milioni 2.9. Vijana walikwenda Uingereza, Ireland na Norway kutafuta kazi, na katika vijiji vingi wamebaki wazee, shule iliyofungwa na basi linalopita mara moja kwa siku. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya gesi na umeme, bei za vitu zilipanda kwa zaidi ya asilimia 20 kulingana na mwaka uliotangulia. Mwezi wa kwanza 2024 wakulima waliingia Vilnius na matrekta yao kulalamika. Serikali iliyokuwapo ilifanya mengi mema, hasa kwa Ukraine, lakini wananchi wengi wa mikoani waliiona kama mwalimu asiyechoka kuwakaripia wanafunzi wake. Žemaitaitis alikwenda kwao, akala nao, akasema kwa lugha yao. Uchungu waliokuwa nao ni wa kweli. Kosa letu sisi wapenda haki, huko na huku, ni kwamba mara nyingi tunauacha uchungu wa kweli wa maskini ubebwe na mtu mwenye uongo, kisha tunashangaa maskini wakimfuata.

Papa Fransisko aliligusa jambo hili katika sura ya tano ya waraka Fratelli tutti, wa mwaka 2020. Anatofautisha kiongozi anayefahamu moyo wa watu wake na kuwatumikia, na yule anayeutumia utamaduni wa watu kwa faida yake na kwa ajili ya kubaki madarakani. Wala hakuwadharau watu. Neno 'watu' kwake ni neno la heshima. Kwa hiyo asijitokeze mtu kati yetu akatumia waraka huo kuwacheka wapigakura wa Kelmė au Šilutė. Swali ambalo waraka unatuachia ni la kumpima kiongozi: anapowashika watu mkono, anawapeleka wapi? Anawaongoza kumwona jirani, au anawaonyesha jirani wa kumchukia?

Tunafika sasa kwenye jambo lililotusukuma kuandika. Kabla ya vita vikuu vya pili, Wayahudi wapatao 200,000 waliishi Lituania, na Vilnius uliitwa Yerusalemu ya kaskazini kwa wingi wa masinagogi na vyuo vyake. Zaidi ya tisa katika kila kumi waliuawa. Pembeni mwa mji huo, katika msitu wa Paneriai, makumi ya maelfu walipigwa risasi na kutupwa mashimoni kati ya 1941 na 1944. Wanazi ndio walioamuru. Lakini miongoni mwa waliofyatua risasi walikuwamo Walituania, watu waliobatizwa, waliokwenda Misa utotoni kama sisi. Walikuwapo pia wengine waliochagua njia nyingine: Padri Bronius Paukštys, Msalesiani, aliwaficha watoto wa Kiyahudi katika parokia yake mjini Kaunas, Ona Šimaitė, mfanyakazi wa maktaba ya chuo kikuu, aliingia ghetto ya Vilnius kwa kisingizio cha kukusanya vitabu, akatoka na maandishi na watu. Hao wawili, na mamia ya wenzao, wanahesabiwa kati ya Wenye Haki wa Mataifa.

Kisha Wasovieti walirudi, na watu zaidi ya 100,000 walipelekwa Siberia na kwingineko, wengi wasirudi. Upo uongo wa zamani unaoendelea kuzaa matunda mpaka leo: kwamba Myahudi na Mkomunisti ni kitu kimoja, na kwa hiyo yaliyompata aliyastahili. Uongo huo ni mtamu kwa aliyejeruhiwa, kwa maana unampa ruhusa ya kuyalilia maumivu yake bila kuyaona ya mwenzake. Žemaitaitis hakuubuni. Aliuokota tu mahali ulipokuwa umelala. Na kuhusu Pirčiupiai aliutumia kwa namna ya kutisha zaidi: aliwachukua wafu wa kijiji cha Kikatoliki, waliouawa na Wajerumani, akawafanya mashahidi wa uongo dhidi ya wafu wengine waliouawa na Wajerumani wale wale. Amri ya nane haiwalindi walio hai peke yao. Wafu hawawezi kwenda mahakamani kujitetea, na kwa sababu hiyo dhambi ya kuwasingizia ni nzito, si nyepesi.

Kanisa la Lituania lilikuwa na kila sababu ya kulijua hilo, kwa kuwa lenyewe liliokolewa na ukweli ulioandikwa. Kuanzia mwaka 1972 hadi 1989, mapadri, watawa na walei waliandika kwa siri gazeti lililoitwa Kronika ya Kanisa Katoliki la Lituania. Lilipigwa kwa taipureta, nakala chache chache kwa karatasi za kaboni, likasafirishwa hadi nje. Halikuwa na mahubiri marefu. Lilikuwa na majina, tarehe, mahali: mwalimu gani alimwaibisha mtoto gani kwa kwenda Misa, padri gani aliitwa polisi, nyumba ipi ilipekuliwa. Matoleo 81 yalitoka, na polisi wa siri hawakufaulu kulinyamazisha. Mhariri wake, Padri Sigitas Tamkevičius, alikamatwa mwaka 1983, akapelekwa kambini na uhamishoni. Mwaka 2019 Papa alimfanya kardinali. Na walei hawakukaa nyuma. Wasovieti walipolinyang'anya kanisa la Malkia wa Amani huko Klaipėda, ambalo waamini walikuwa wamelijenga kwa sadaka zao, na kuligeuza ukumbi wa muziki, mwaka 1979 watu 148,149 walitia saini zao kudai lirudishwe. Kila aliyetia saini alijua kwamba polisi watalisoma jina lake. Lilirudishwa mwaka 1988.

Sisi tuliotembea na rozari mkononi tarehe 31 Desemba 2017, kwa mwito wa Kamati ya Walei, tunaelewa saini moja kama hiyo ina gharama gani. Ndiyo maana tunauliza kwa huzuni, wala si kwa dharau: imekuwaje urithi wa Kronika, urithi wa kutaja jina sahihi, tarehe sahihi na mwenye kosa sahihi, usiwe kinga tosha dhidi ya mtu anayegeuza majina ya wauaji?

Tarehe 23 Septemba 2018, Papa Fransisko aliadhimisha Misa huko Kaunas, kwenye bustani ya Santaka, mahali mto Neris unapoingia katika Nemunas. Siku hiyo ilitimia miaka 75 tangu ghetto ya Vilnius ilipofutwa. Baada ya Misa, akisali Malaika wa Bwana pamoja na umati, aliwakumbuka Wayahudi waliouawa, akawaalika waamini waombe neema ya kutambua mapema chembe yoyote ya roho ile ya zamani inapoanza kuota tena. Alisema hayo ukingoni mwa Nemunas. Ilipita miaka mitano tu.

Sasa tuseme waziwazi tunamlaumu nani zaidi. Si mkulima wa magharibi aliyekasirika. Tunawalaumu kwanza waheshimiwa waliojua na wakahesabu viti. Kiongozi wa Wasosialdemokrati, Vilija Blinkevičiūtė, alikuwa amewaahidi wananchi kabla ya kura kwamba hataunda serikali na Žemaitaitis. Chama chake kikashinda viti 52 katika bunge la viti 141. Ili kutawala vilihitajika 71. Pamoja na chama cha Saulius Skvernelis chenye 14 na kile cha Wakulima na Kijani chenye 8, wangefikia 74. Hesabu hiyo ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwapo. Wakaona ni afadhali kulala usingizi mzito, wakachukua 20 za Alfajiri. Maelfu ya watu walisimama mbele ya bunge kupinga. Rais Gitanas Nausėda alisema hatawateua wanachama wa chama hicho kuwa mawaziri. Basi chama kikapendekeza watu wasio na kadi yake, na mambo yakaendelea. Kila mtu alipata njia ya kuinawa mikono yake.

Kilichofuata kinaonyesha jinsi mlango uliofunguliwa kidogo unavyozidi kufunguka. Waziri Mkuu Gintautas Paluckas alijiuzulu katikati ya mwaka 2025 kwa mambo ya biashara zake. Serikali mpya ya Inga Ruginienė ilipoundwa, chama cha Skvernelis ndicho kilichobaki nje, Wakulima wakaingia, na Alfajiri ikabaki ndani. Mara hii ikapewa hata Wizara ya Utamaduni. Wasanii walikataa, wakaingia barabarani, na waziri aliyeteuliwa akaondoka baada ya siku chache, akiwa ameshindwa hata kujibu wazi kwamba Krimea ni ya Ukraine. Mwezi wa kumi na mbili wa mwaka huo huo, mahakama ya Vilnius ilimtia Žemaitaitis hatiani kwa kuchochea chuki dhidi ya Wayahudi na kwa kupuuza maovu waliyotendewa, ikamtoza faini ya euro 5,000. Chama chake kiliendelea kukaa mezani pa serikali.

Wapo Wakatoliki wema, hata kati ya wanachama wetu, watakaotuambia kwamba siasa ni kuchagua baya lililo dogo, na kwamba chama hicho pia kinawatetea wakulima na wazee. Tunalipokea swali hilo kwa heshima. Kushirikiana na mtu tusiyekubaliana naye juu ya kodi, au barabara, au bei ya maziwa, ni siasa ya kawaida, na Mkristu asiikimbie. Lakini heshima ya watu wazima wa kabila fulani au dini fulani si bidhaa ya kuwekwa kwenye mzani pamoja na bei ya maziwa. Tangu tamko Nostra aetate la mwaka 1965, Kanisa limekwisha sema kwamba linasikitishwa na chuki yoyote dhidi ya Wayahudi, wakati wowote na kutoka kwa yeyote. Hakuna kipengele kinachosema: isipokuwa pale viti vinapopungua.

Wala tusijidanganye kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Mwaka 1998, vita vilipolipuka, viongozi mjini Kinshasa walitumia redio na televisheni kuwaita watu fulani wadudu wa kufagiwa, na wananchi wenye uchungu wa haki, waliovamiwa kweli, wakaitika. Watu walichomwa barabarani kwa sababu ya sura ya pua yao. Uvamizi ulikuwa wa kweli na neno lile lilikuwa la uongo, na vyote viwili vilisafiri pamoja. Hata leo, mashariki mwa nchi yetu ambako damu haijakauka, tunawasikia wanasiasa wanaotutetea vizuri katika sentensi ya kwanza, na katika ya pili wanatutajia jirani. Tunawapigia makofi kwa sababu ya sentensi ya kwanza.

Kwa mikutano ya jumuiya ya mwezi huu tunapendekeza isomwe sura ya tano ya Fratelli tutti, hasa sehemu inayozungumzia watu na wale wanaojiita wasemaji wao. Baadaye kila mmoja ataje, bila kutaja chama, neno moja alilolisikia mwaka huu juu ya kundi fulani la majirani, kisha aseme alifanya nini aliposikia: alicheka, alinyamaza, au alijibu. Makatibu waandike majibu bila majina na kuyaleta kwenye mkutano wa parokia. Uchaguzi ujao wa bunge la Lituania utafanyika mwaka 2028, na wetu ni wa mwaka huo huo.